Bunduki Inayokataa Kutapika

Wanaoandika juu ya uwindaji wa wazee wetu huandika juu ya ngoma, dawa na nyimbo za wawindaji. Ni vema. Sisi tumechagua kuandika juu ya kitu kidogo: ganda la kartushi linalobaki ndani ya bunduki baada ya risasi kulia. Mtu atasema hilo ni jambo la mafundi na kitabu hiki ni cha mila. Lakini katika jamaa yetu ganda moja lilivunja nyumba kwa miaka mitatu. Hatuandiki kwa kuwacheka wazee. Hatuandiki pia kwa kuwasifu bure.

Sisi ni wajukuu wa mwindaji wa upande wa Bukama, karibu na mto Lualaba. Tulisoma Kamina na Lubumbashi, na mugini tulikuwa tunaenda wakati wa vakansi. Huko tulikula nyama ya pori, tukasikiliza hadithi za Mbidi Kiluwe, yule mwindaji mgeni aliyemzaa Kalala Ilunga, na tukajua tangu utoto kwamba kwa Waluba mwindaji si mtu wa kutafuta nyama tu. Ufalme wenyewe, katika hadithi, ulianza na mwindaji.

1. Maneno ya bunduki

Kwetu bunduki inasemwa kama mtu. Ina mdomo, ina tumbo, inakula, inalia. Kartushi inaingia tumboni, risasi inatoka mdomoni. Mwindaji akiisha kupiga anavunja bunduki yake katikati, na ganda linatoka. Hapo wanasema imetapika. Ganda likibaki, wanasema, "Bunduki inakatala kutapika," na watu wote wananyamaza. Bunduki yenye kitu tumboni ni kama mtu mwenye neno rohoni.

Kijila, maana yake mwiko, kilikuwa wazi. Mwindaji akiwa porini, nyumba yake inapaswa kukaa kwa amani. Mke asigombane na majirani, moto wa jikoni usizimike, na zaidi ya yote, asilale na mwanaume mwingine. Nyumba ikichafuka, bunduki inajua. Inakosa nyama, au inakataa kulia, au inakataa kutapika. Basi mwindaji haendelei. Anakaa chini, anaweka bunduki pembeni, anarudi mugini, na watu wa nyumba wanaitwa waseme kila neno walilolificha.

Mila hii si ya Waluba peke yao. Victor Turner, mtafiti kutoka Uingereza, alikaa miaka ya 1950 kwa Wandembu wa Mwinilunga, Zambia, watu wenye asili katika nchi ya Mwant Yav, upande wetu wa mpaka. Aliandika juu ya chama chao cha wawindaji wa bunduki, Wuyang'a, na namna ugomvi wa mugini ulivyohesabiwa kuwa sababu ya mwindaji kukosa nyama, kwa maana roho za wawindaji waliokufa zinachukia ugomvi. Msomaji wa Kiluba akisoma hayo anaona kama ni nyumbani.

Lakini jambo moja lilitushangaza tulipokuwa wakubwa. Wazee walituambia kijila hiki kinatoka kwa wankambo wa wankambo. Inawezekanaje? Bunduki za kwanza zilizofika hapa hazikuwa na ganda la kutapika. Wakati wa Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891, bunduki zilikuja kwa kubadilishana na shaba na pembe za ndovu, kutoka upande wa Angola na upande wa pwani ya mashariki. Nyingi zilikuwa za gumegume: baruti inamiminwa mdomoni, risasi inafuata, inashindiliwa na fimbo. Kisha Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ukazuia bunduki za kisasa na kartushi zao katika sehemu kubwa ya Afrika. Mlango mdogo uliachwa kwa zile za gumegume zisizo na mistari ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Ndiyo sababu moja ya wazee wetu kukaa na bunduki za kushindilia muda mrefu, na mpaka leo mafundi wa mugini wanatengeneza zile tunazoita pupu. Pupu haitapiki. Haina kitu cha kutapika.

Kwa hiyo kijila cha kutapika kina umri wa kartushi. Wazee walikuwa na kijila cha mshale unaokosa. Gumegume ilipokuja wakakihamisha: ikawa bunduki inayokataa kulia. Kalibre 12 ilipokuja wakakihamisha tena: ikawa bunduki inayokataa kutapika. Hatusemi hili kwa kuwaumbua. Tunasema kwamba walijua kuhamisha mila. Tutarudia neno hilo mwishoni.

2. Mwaka wa 1974

Bunduki ya nkambo wetu ilikuwa kalibre 12 ya mtutu mmoja, iliyotengenezwa Ubelgiji, mjini Liège. Aliinunua mwaka wa 1960 kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifunga mizigo yake kurudi kwao, pamoja na masanduku ya kartushi za karatasi ngumu zenye kitako cha shaba. Nkambo alikuwa mtu wa hesabu. Kartushi moja, nyama moja. Akikosa, hakupiga tena siku ile. Kila ganda alilirudisha nyumbani na kuliweka katika kopo kubwa la maziwa, kwa sababu hesabu ya maganda ilikuwa hesabu ya maisha yake ya uwindaji. Kwa miaka kumi na minne bunduki ilitapika bila shida.

Mwaka wa 1974, jimbo letu likiitwa Shaba, kartushi za zamani zilikwisha. Mtu wa jamaa alileta mpya kutoka Lubumbashi: nyekundu, za plastiki, safi kabisa. Nkambo alifurahi. Akaenda porini na mdogo wake, mwenye mkuki. Asubuhi walikuta nguruwe pori dume. Nkambo akapiga, nguruwe akaanguka, akainuka, akaingia majani. Nkambo akavunja bunduki ili aweke kartushi nyingine. Ganda halikusogea. Akavuta kwa kucha, akatia ncha ya kisu chini ya ukingo, halikutoka. Wakati angali anashindana nalo, nguruwe alitoka majanini na kumpiga yule mdogo. Jino likafungua paja tangu goti mpaka karibu na nyonga. Hakufa, lakini alitembea kwa fimbo mpaka mwisho wa maisha yake.

Usiku ule wazee walikaa. Swali lilikuwa moja: nani amechafua nyumba? Nkambo mwanamuke, mama wa baba yetu, alikuwa amegombana juzi yake na jirani juu ya kinu kilichoazimwa bila kurudishwa. Hilo alilikubali. Kisha yule jirani akasema alimwona mwanaume karibu na moto wake usiku. Wakamwambia aungame ili bunduki ifunguke. Akajibu neno moja, na wote waliokuwapo wanalikumbuka: "Siko na neno."

Aliulizwa mara tatu, akajibu vile vile mara tatu. Siku ya nne alirudishwa kwao, ng'ambo ya Lualaba, na mkeka wake na chungu kimoja. Baba yetu alikuwa na miaka tisa. Anasema alikimbia mpaka kwenye mitumbwi, na mtu akamshika mkono asipande.

Alikaa kwao miaka mitatu. Hapa kuna jambo lililopaswa kuwafungua macho wote: yeye ameondoka, na bunduki ikaendelea kukataa. Ikipigwa mara mbili, mara moja inabana. Wakasema ni roho ya mwindaji aliyekufa bila kulipwa sehemu yake ya nyama. Kisha wakasema ni wivu wa jamaa. Siku nyingine mtu alipata kartushi chache za karatasi zilizobaki mahali fulani, na bunduki ikatapika kama zamani. Wakasema imesamehe. Mwaka wa 1977 nkambo mwanamuke alirudi juu ya watoto wake. Hakuna aliyemwomba radhi, na yeye hakuuliza kitu. Lakini hakula tena nyama iliyopigwa na bunduki ile. Akipika anagawia watu, kisha anakula sombe peke yake. Alikufa mwaka wa 1998.

3. Namna tulivyoipima

Yaya wetu mkubwa alikuwa fundi wa vyuma katika karakana ya migodi. Alitoka kazini mwaka wa 2003, wakati maelfu ya wafanyakazi walipolipwa ili waondoke, akarudi mugini na sanduku lake la vyombo. Mwaka wa 2004 nkambo, aliyekuwa mzee sana, alimwita. Akamwambia, "Mwana, minakaribia kwenda. Sitaki kuacha kintu chenye kufungwa. Ufungue ile bunduki."

Sisi wengine tulikuwa vakansi. Tulikaa kwenye baraza siku mbili tukimsaidia, na tunaandika hapa kwa utaratibu namna alivyofanya, kwa maana inaweza kumfaa mtu.

Jambo la kwanza: je, kartushi imelia? Bunduki ikikataa kulia kabisa, usiivunje upesi. Moto unaweza kuchelewa ndani. Elekeza mdomo mahali pasipo na mtu, hesabu polepole mpaka thelathini au zaidi, ndipo uvunje. Tena, fimbo haiingizwi kamwe mdomoni kusukuma kartushi ambayo haijalia. Ganda tupu tu ndilo linasukumwa hivyo, kwa fimbo ya mti, si ya chuma. Likiisha kutoka, unatazama ndani ya mtutu kama kuna mwanga mpaka mwisho kabla ya kuweka nyingine.

Jambo la pili: bunduki yenyewe iliumbwa kutapika au kusukuma tu? Nyingi za mtutu mmoja zina kidole cha kuvuta, ambacho kinainua ganda kidogo ili mwindaji alitoe kwa mkono. Nyingine zina resori inayolirusha nje. Mtu mwenye ile ya kwanza asiseme imeharibika kwa sababu hairushi. Yetu ilikuwa ya kurusha. Yaya alifungua resori: ilikuwa nzima. Alitazama kidole: hakikulika, kilishika ukingo wa ganda vizuri. Kidole kilicholika kinateleza juu ya ukingo na kuliacha ganda mahali pake, na kisu cha mwindaji kinazidi kukiharibu. Cha kwetu kilikuwa na alama za kile kisu cha 1974, lakini kilifanya kazi.

Jambo la tatu: chumba. Mafundi wanaita chumba ile sehemu ya nyuma ya mtutu ambapo kartushi inalala. Masizi ya baruti, nta ya karatasi, plastiki iliyoyeyuka na kutu vinafanya ukuta wa chumba ukwaruze. Risasi ikilia, ganda linatanuka na kubanana na ukuta, kisha linapaswa kunywea kidogo ili litoke. Ukuta ukiwa na mashimo ya kutu, ganda linaingia katika mashimo hayo na kushikwa. Yaya alifunga kitambaa na nyuzi nyembamba sana za chuma kwenye kijiti, akalowesha kwa petroli, akazungusha mpaka chumba kikang'aa. Hakutumia mchanga wala tupa. Kisha akapangusa mpaka kikauke. Watu wengi wanaacha mafuta chumbani wakidhani yanasaidia ganda kuteleza. Kumbe mafuta yanakusanya uchafu, tena yanafanya ganda lisukume nyuma kwa nguvu zaidi juu ya kifungio.

Jambo la nne: kartushi. Ile ya karatasi ikinywa unyevu wa mvua inavimba na kuingia kwa shida, na iliyoingia kwa shida itatoka kwa shida. Ile iliyojazwa tena mugini ni mbaya zaidi, kwa maana kitako chake kimeisha kutanuka na baruti yake haina kipimo. Vivyo hivyo bunduki zinazotengenezwa kwa bomba: chumba chake hakina kipimo cha kweli, na siku itakayobana ni afadhali kuliko siku itakayopasuka usoni.

Tulifanya hayo yote, tukasema imepona. Yaya akapiga kartushi moja nyekundu juu ya kichuguu, amefunga bunduki kwenye magogo na kuvuta kwa kamba, yeye amejificha. Akavunja. Ganda likabana.

Tulitazamana. Baba yetu akaondoka barazani bila neno.

Ndipo yaya akaomba lile kopo la maziwa. Akamwaga maganda juu ya mkeka, akayapanga mafungu mawili, ya karatasi upande mmoja, mekundu upande mwingine. Midomo ya karatasi ilikuwa laini na mizima. Midomo ya plastiki ilikuwa imeminywa na kuchanika, kila moja mahali pale pale. Yaya akasema, "Hii si uchafu. Hii ni urefu."

Akasafisha sehemu ya chini ya mtutu, mahali ambapo mafuta na vumbi vya miaka makumi ine vilikuwa vimefunika chuma. Zikatokea herufi E, L na G ndani ya alama ya mviringo, ambayo ni alama ya wapimaji wa bunduki wa Liège. Karibu yake kulikuwa na namba: 12, na 65. Yaya akachonga kijiti cha mviringo kilichojaza chumba sawasawa, akakisukuma mpaka kikagonga ile ngazi ndogo ambapo mtutu unaanza kuwa mwembamba, akakipima. Milimita 65. Akapima ganda jekundu lililolia. Karibu milimita 70.

Msomaji atauliza: kartushi ndefu iliingiaje katika chumba kifupi? Hapo ndipo penye mtego. Kabla ya kulia, mdomo wa kartushi umekunjwa ndani, na kartushi ni fupi kuliko namba iliyoandikwa juu yake. Inaingia bila shida, bunduki inafunga vizuri, mwindaji hana shaka. Ikilia, mkunjo unafunguka mbele na ganda linafikia urefu wake wote. Chumba kikiwa kifupi, ule mdomo unafungukia ndani ya ile sehemu nyembamba. Unaminywa, njia ya risasi inakuwa finyu, nguvu ya moshi inapanda kupita kiasi, na ganda linakwama. Bunduki nyingi za zamani za Ulaya zina chumba cha milimita 65, na kartushi za siku hizi nyingi ni za 70. Bunduki ya namna hiyo haipigwi kwa kartushi ndefu hata mara moja, kwa maana kubana ndiyo shida ndogo; shida kubwa ni kupasuka. Kurefusha chumba si kazi ya tupa ya mugini. Ni kazi ya fundi wa bunduki, na baada yake inapaswa kupimwa upya.

Basi ilikuwa milimita tano. Upana wa punje ya maharagwe.

4. Majadiliano ya jamaa

Tulikaa usiku mzima tukiulizana kama tumwambie nkambo. Wengine walisema mzee wa miaka ile atakufa na uchungu. Baba yetu akasema, "Mama yangu alikufa nao." Tukamwambia.

Nkambo alishika ganda la karatasi katika mkono mmoja na lile jekundu katika mkono mwingine. Aliyatazama muda mrefu, akapitisha kidole juu ya ule mdomo uliochanika. Kisha akasema: "Yee alisemaka siko na neno. Mara tatu. Na mie nilikuwa na haya maganda mu nyumba yangu."

Hatukukubaliana wote. Mzee mmoja wa ukoo, mtoto wa yule aliyeumizwa, alituambia: "Iyo kipimo yenu inasema juu ya ganda. Haisemi sababu gani nguruwe alirudia baba yangu, akaacha mwenye bunduki." Ni swali la kweli, na hatukuwa na jibu. Milimita tano zinaeleza kwa nini ganda lilibana. Hazielezi kwa nini ilikuwa asubuhi ile na paja lile. Mtu ana haki ya kuuliza hivyo, na mila zetu zimempa mahali pa kuuliza. Lakini tulimjibu kwamba swali hilo lisiwekwe jina la mtu ndani yake kabla ya kutazama chuma.

Tena tulimwambia kwamba nusu ya kijila ilikuwa na akili nyingi. Bunduki ikikataa, kaa chini, usilazimishe, usiendelee kuwinda, rudi nyumbani. Fundi yeyote atasema vile vile. Kama nkambo angeacha kushindana na kisu na kupanda juu ya mti pamoja na mdogo wake, labda pasingekuwa na jeraha. Hata lile shauri la kuita watu wa nyumba waseme wanayoficha lilikuwa zuri: ugomvi wa kinu ulimalizika usiku ule ule. Nusu ya pili ndiyo iliyotuharibia, ile iliyojua jina la mwenye kosa kabla ya kuuliza, na kila mara lilikuwa jina la mwanamuke. Hatukusikia hata siku moja kwamba mwindaji mwenyewe aliulizwa alilala wapi.

Nkambo alisikia haya yote. Hakujitetea. Alituma mtu ng'ambo ya Lualaba kwa wakwe zake. Juma lililofuata alivuka yeye mwenyewe, amebebwa kwenye kiti mpaka mtumbwini, na mbuzi dume mmoja na mpemba katika kitambaa. Msomaji wetu anajua mpemba, ule udongo mweupe, kwetu ni alama ya moyo safi na ya mtu asiye na hatia. Kaka yake nkambo mwanamuke, mzee kama yeye, alikuwa anangoja mbele ya nyumba. Nkambo akaweka maganda mawili mbele yake, akaeleza. Yule mzee akajibu, "Shemeji, siye tulijuaka. Tulikuwa tunangojea muntu wa kwenu aseme."

Waliporudi, walikwenda wote kwenye kaburi lake. Nkambo alipaka mpemba juu ya jiwe, kisha akajipaka mwenyewe mikononi, akasema sauti ikisikika: "Hukukuwa na neno." Hakuongeza kitu. Baba yetu alikuwa amesimama nyuma, na kwa mara ya kwanza tulimwona amemshika baba yake mkono.

Nkambo alikufa mwaka wa 2006. Bunduki haipigwi tena. Yaya aliondoa kidole na resori, akaviweka mbali na mtutu. Sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985 inataka kila bunduki iwe na ruhusa yenye jina la mtu, na ruhusa ile ilikuwa ya nkambo peke yake. Kuwinda nako kuna sheria yake, ya tarehe 28 Mei 1982, na kwetu kuna mpaka wa hifadhi ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka wa 1939, ambamo bunduki ya mwindaji haina ruhusa ya kuingia.

Vijana wa ukoo wanaowinda bado wapo, na kijila bado kipo. Hatukukifuta. Tulikihamisha, kama wazee walivyokihamisha tangu mshale mpaka gumegume, na tangu gumegume mpaka kartushi. Sasa bunduki ikikataa kutapika, mwindaji anakaa chini, anarudi mugini, na wazee wanaitwa kama zamani. Lakini kitu cha kwanza kinachowekwa juu ya mkeka ni ganda lenyewe. Linatazamwa mdomo, kitako na urefu. Chumba cha bunduki kinachunguzwa kwanza. Kikiwa safi, na kipimo kikiwa sawa, ndipo watu waulizwe, wanaume wakiwa wa kwanza.

Lile kopo la maziwa liko kwa baba yetu Lubumbashi, juu ya kabati. Wageni wanafikiri ni la misumari.